Tufyeke kila kitu kando ya kijito chetu?

Swali: "Mtaani kwetu, Dar es Salaam, kuna njia inayofuata kijito kinachoingia Mto Msimbazi. Ina urefu wa kama kilomita moja na nusu. Asubuhi wanaipita wanafunzi, akina mama wa sokoni, vijana wa baiskeli wanaosambaza mikate, na watu wa guta. Jioni wapo wanaofanya mazoezi. Manispaa imetuahidi fedha kidogo za kuitengeneza, na kamati ya mtaa, ambayo mimi ni katibu wake, imegawanyika. Wengi wanataka tufyeke kila kitu mpaka maji yaonekane, tujenge zege kingo zote mbili, tuweke peving na taa kubwa njia nzima, kwa sababu ya nyoka, mbu na vibaka. Nina watoto wawili wanaopita hapo, hofu hiyo naielewa. Lakini pale pale kuna mdiria, chozi, hondohondo, kenge na popo wa jioni, na najua tukifyeka wataondoka. Je, njia moja inaweza kuwafaa watu na viumbe, au ni lazima tuchague? Na hizo fedha kidogo tuanzie wapi?"

Jibu: Dada, hofu za wenzako kwenye kamati si za kupuuzwa. Nyoka anauma kweli, dengi ilisambaa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, na binti anayerudi kutoka twisheni saa moja jioni hawezi kuambiwa avumilie kichaka kwa ajili ya ndege. Kwa hiyo sikushauri usimame kikaoni uwatetee ndege dhidi ya majirani zako. Waonyeshe kwamba kufyeka kila kitu hakutawapa wanachokitafuta. Mbu hawatapungua, vibaka watasogea hatua chache, na ukingo ukianza kumomonyoka mtaipoteza hata njia yenyewe. Kufyeka kunahitajika, ila kufyekwe ukanda wa kando ya njia, bonde libaki.

Nianze na mbu, maana hapo ndipo watu wengi hukosea. Mbu mpevu hupumzika kwenye majani, ni kweli, lakini hazaliwi huko. Anazaliwa kwenye maji yaliyotuama, na kila aina ina maji yake. Aedes, anayeeneza dengi na kuuma mchana, hutaga kwenye vitu vidogo vilivyoshika maji ya mvua: tairi, kifuu cha nazi, kopo, mfuko wa plastiki uliojikunja. Culex, yule anayekulilia sikioni usiku, hupenda maji machafu ya mtaro ulioziba au shimo la choo lililopasuka. Anopheles gambiae, wa malaria, hupenda vidimbwi vilivyo wazi vinavyopigwa na jua. Sasa fikiria mkiondoa kivuli chote na kuacha ukingo mtupu wenye nyayo na mashimo. Mtakuwa mmemwandalia Anopheles mazalia mapya, na tairi la Aedes bado liko pale pale lilipokuwa.

Maji yanayotembea hayazalishi mbu wengi. Yanayozalisha ni yale yaliyosimama nyuma ya bonge la mifuko, vitambaa na matawi lililokwama kwenye kalvati. Likiondolewa hilo bonge, na makopo yakiokotwa kila wiki wakati wa mvua, mtapata nafuu ambayo panga haliwezi kuwapa. Tena viluwiluwi vya mbu huliwa na samaki wadogo na watoto wa kereng'ende wanaoishi majini kwenye mashina ya matete, na wale popo wadogo wanaozunguka jioni wanakula wadudu warukao, mbu wakiwemo. Mkisafisha kijito mpaka kibaki mfereji mtupu, wote hao wanaondoka.

Nyoka naye anafuata panya, na panya anafuata taka. Jalala lililoko mwanzo wa njia, kama lipo, ndilo linalowaletea nyoka kuliko nyasi za kijitoni. Hata hivyo nyasi ndefu zinazogusa njia ni hatari kwa sababu moja ya wazi: mtu hamwoni nyoka mpaka amkanyage. Dawa yake ni ukanda wa mita moja na nusu kila upande wa njia, nyasi zake zisizidi kifundo cha mguu, zikatwe mara kwa mara msimu wa mvua. Mafungu ya matofali, kifusi na magogo yasiwepo kwenye ukanda huo. Gogo moja likioza kule ndani, karibu na maji, ni chakula cha wadudu na ndege na halimdhuru mtu. Akitokea wa kuumwa, wafundisheni vijana wenu mapema: asitembezwe, asichanjwe, asinyonywe jeraha wala asifungwe kamba ya kukaza; abebwe mara moja hadi hospitali.

Kwenye suala la vibaka kamati ina hoja ya kweli, na hapa nitakaa kidogo. Mtu huogopa njia anapokuwa haoni mbele, hana pa kutokea, na hakuna wa kumsikia akipiga kelele. Vichaka vinahusika na la kwanza tu. Tena si vichaka vyote. Kinachoficha mtu ni majani yaliyo kati ya goti na kichwa, yakiwa karibu na njia. Yaliyo chini ya goti hayamfichi mtu. Matawi yaliyo juu ya kichwa hayamfichi pia. Yanampa kivuli, na Dar es Salaam ya Januari na Februari kivuli ndicho kinachoamua kama mama atatembea au atatoa nauli ya bodaboda.

Kwa hiyo pimeni mita tatu kutoka kwenye njia, kila upande. Ndani ya mita hizo mimea ya chini isizidi goti, na miti iondolewe matawi ya chini mpaka mita mbili na nusu ili uone katikati ya mashina. Kuanzia hapo kwenda majini, acheni vichaka viwe vinene, lakini viwe mafungu mafungu, na kati ya fungu na fungu pawe na uwazi unaoonyesha maji. Ndege hawahitaji kichaka kisichokatika kwa kilomita nzima. Wanahitaji mafungu yaliyo manene kweli, ambayo mbwa na watoto hawayapiti, yenye umbali mdogo kati yake. Kwenye kona punguzeni zaidi upande wa ndani, ili mwendesha baiskeli na anayetembea waonane mapema. Hilo lina faida mbili, kwa sababu kona hizo hizo ndizo zenye migongano.

La pili, pa kutokea, halihusiani na majani hata kidogo. Hesabuni vichochoro vinavyoingia kwenye njia. Nyumba zikiwa zimeipa mgongo, kuta tupu kwa mita mia tatu bila upenyo, pale mtu atatishika hata mkipanda nyasi za uwanja wa mpira. Zungumzeni na wenye viwanja, mfungue upenyo mmoja au miwili. Mwenye ukuta mrefu akikubali kuweka kigeti kidogo au kipande cha wavu badala ya tofali, mmepata macho yasiyolipwa mshahara.

Na wa kukusikia ni watu walioko pale kwa shughuli zao. Fundi baiskeli kwenye lango moja, mama anayeuza vitumbua asubuhi kwenye lango jingine, kijiwe cha kahawa jioni. Kama kuna wakulima wa mchicha bondeni, msiwafukuze kwa jina la kupendezesha. Wako pale tangu alfajiri na wanawajua wapita njia kwa sura. Mboga zao ni suala jingine, kwa sababu tafiti za Bonde la Msimbazi zimekuta metali nzito kwenye maji na mboga. Ongeeni nao na afisa kilimo juu ya maji wanayomwagilia au kubadili zao, lakini wabaki.

Watu wakinibishia hili huwa nawatajia Karura, Nairobi. Ni msitu wa hekta zaidi ya 1,000 ndani ya jiji, ule ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa Januari 1999 wakiutetea usigawiwe wajenzi. Kwa miaka mingi baada ya hapo watu waliogopa kuuingia. Leo familia zinatembea na kuendesha baiskeli humo, na msitu haukufyekwa ili hilo liwezekane. Kilichobadilika ni uwepo wa watu, malango yanayojulikana, walinzi na njia zilizo wazi. Nisiwadanganye lakini: Karura ina uzio na kiingilio, kama ilivyo kwa bustani ya ardhioevu ya Nyandungu, Kigali, iliyofunguliwa 2022. Njia yenu haina kiingilio na haipaswi kuwa nacho, kwa hiyo ulinzi wenu utatoka kwa majirani. Ndiyo maana vichochoro na wauza vitumbua nimewapa uzito kuliko taa.

Fanyeni jambo moja kabla ya kikao kijacho. Tembeeni njia yote saa ile ile ambayo watu wanaiogopa, mkiwa na wanafunzi wa kike na akina mama wanaoitumia kweli, mkiwa na chokaa ya unga. Kila mahali mmoja atakaposema "hapa naogopa," wekeni alama chini na muandike sababu. Msibishane naye. Mara nyingi alama hizo huwa chache kuliko kamati inavyodhani na hukusanyika sehemu tatu nne hivi. Hapo ndipo panga lianzie.

Sasa zege. Najua linavutia, na sehemu za Mto Ng'ombe na Mto Sinza zilijengewa kuta za zege chini ya DMDP, mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, kwa sababu nyumba zilikuwa zimebanana mpaka ukingoni na mafuriko yalikuwa yakiingia vyumbani. Mahali kama hapo sina ubishi. Lakini zege halipunguzi maji, linayakimbiza. Mfereji laini ulionyooka huyafikisha mafuriko kwa jirani wa chini haraka zaidi na yakiwa mengi kwa wakati mmoja, na jirani wa chini kabisa wa vijito vyote hivi ni Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 bado yanakumbukwa na waliohamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilipitisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi, na sehemu kubwa ya wazo la mradi huo ni kuupa mto nafasi na kufanya sehemu ya bonde kuwa bustani ya jiji. Ingesikitisha mtaa mmoja huku juu ukafanya kinyume kwa fedha zake wenyewe.

Mdiria naye zege linamgusa moja kwa moja. Simama ng'ambo ya kijito utazame ukingo ulio wima, wa udongo wenye mchanga. Ukibahatika utaona tundu dogo lisiloingiza ngumi, na chini yake michirizi myeupe ya kinyesi. Ndani yake kuna handaki linalopanda kidogo ili maji yasituame, na mwishoni chumba ambacho sakafu yake ni miiba ya samaki. Mdiria huyu mla samaki hajengi kiota mtini. Ukingo huo ukifunikwa zege, anaweza kuendelea kuonekana kwa msimu mmoja au miwili akivua, kisha atatoweka kwa sababu hana pa kuzalia. Wenzako watasema alihama tu.

Kwa hiyo ugaweni ukingo. Pale unapokula njia au msingi wa nyumba, hasa upande wa nje wa kona ambako maji hupiga kwa nguvu, wekeni magabioni, yaani mawe ndani ya wavu wa waya. Yanahimili, yanapitisha maji, na mimea huota katikati yake. Pale unapomomonyoka polepole, pandeni matete na nyasi za vetiva. Mizizi yake hushika udongo vizuri, na mnana husuka viota vyao kwenye matete. Pale ulipo wima na hautishii kitu, uacheni kama ulivyo, na msiruhusu mtu kuchimba mchanga.

Kuna jambo ambalo kutoka mtaani kwenu halionekani kirahisi. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, ambako bado kuna msitu, na unaishia kwenye mikoko pale Daraja la Selander. Vijito vinavyouingia ni kati ya njia chache zilizobaki ambazo kiumbe anaweza kuzifuata ndani ya jiji akiwa na kivuli na maji. Chozi anaweza kuruka mapengo. Kenge na chura hawawezi. Wao hukwama barabara inapokatiza kijito. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wakija kujenga upya kalvati lenu, ombeni lililo pana lenye kingo kavu ndani, kipande cha sakafu kilichoinuka juu ya maji ya kawaida. Wakati wa ujenzi halina gharama kubwa, na baada ya ujenzi haliongezeki tena.

Miti. Mmezoea kupewa miche ya mwarobaini, mjohoro, mlusina na ile miashoki mirefu myembamba. Iliyopo ikiwa inatoa kivuli, msiikate kwa sababu tu si ya asili hapa; kivuli cha leo kina thamani yake. Ila msiongeze. Mwashoki hautoi kivuli cha maana, na mlusina husambaa ukaziba kila kitu. Kwenye nafasi mpya pandeni mikwaju kando ya njia: mizizi yake huenda chini, kivuli chake ni chepesi na cha kudumu, na hauvunjiki ovyo na upepo. Karibu na maji pandeni mkuyu mmoja au miwili, mita nane au zaidi kutoka kwenye njia na kuta, kwa sababu mizizi yake hunyanyua peving na kupasua misingi.

Mkuyu nausisitiza kwa sababu ya jinsi unavyozaa. Maua yake yako ndani ya tunda, na huchavushwa na nyigu wadogo sana wanaoishi siku chache tu. Nyigu hao wakitoka kwenye mkuyu mmoja lazima wapate mwingine ulio tayari, kwa hiyo mikuyu haizai yote kwa msimu mmoja. Daima kuna mmoja mahali fulani wenye matunda, hata kiangazi, miti mingine ikiwa haina kitu. Hondohondo, popo wala matunda na ndege wengine wengi huvuka kiangazi kwa hilo. Hondohondo anahitaji pia mti mzee wenye tundu, maana jike hujifungia humo na kuziba mlango kwa udongo, abakize upenyo wa kulishwa na dume. Mti mzee uliokufa nusu, kama uko mbali na njia na hautamwangukia mtu, ni nyumba ya wageni hao, uacheni.

Kwenye ule ukanda wa chini ya goti pandeni mshubiri. Maua yake mekundu ndiyo chozi anayotafuta, haufichi mtu, hauhitaji maji mengi, na mbuzi hawaupendi. Mchungwa au mndimu mmoja mmoja, mbele ya nyumba ya mtu atakayeulinda, utawaletea vipepeo wakubwa ambao viwavi wao hula majani hayo.

Msipande miche mia nne siku ya uzinduzi. Pandeni arobaini mtakayoweza kumwagilia. Mche wa Dar es Salaam hufa Juni hadi Septemba na tena Januari na Februari, si siku ya kupandwa. Kila mche uwe na jina la kaya, ndoo moja mara mbili kwa wiki kwa kiangazi cha mwaka wa kwanza na wa pili, na kizio cha fito dhidi ya mbuzi. Iliyo juu pandeni masika yanapoanza. Iliyo chini kabisa, inayofikiwa na maji, subirini masika yapite kilele, la sivyo mtaifuata Jangwani.

Neno kuhusu kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu si wa hapa. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kutoka Bara Hindi kwa ajili ya kula taka, wakavuka bara, na sasa wanakula mayai na makinda ya ndege wengine. Mnaweza kupanda kila mti niliotaja na bado mkose ndege wadogo kama jalala liko wazi. Taka tena. Ndiyo maana kwenye fedha zenu nitaziweka karibu na mwanzo.

Taa nitazipitia haraka. Taa kubwa nyeupe juu ya mlingoti mrefu humfanya mtu asione nje ya duara lake. Macho yakizoea mwanga mkali, giza la pembeni linakuwa jeusi zaidi, na anayejificha humo anakuona wewe. Afadhali taa nyingi ndogo zenye mwanga sawa, mlingoti wa kama mita nne, zenye kifuniko kinachoelekeza mwanga chini kwenye njia na si majini. Rangi iwe ya manjano, joto la rangi lisizidi Kelvini 2,700, kwa sababu mwanga mweupe wenye ubluu huvuta wadudu wengi na kuwachanganya popo na vimulimuli. Zipunguzwe wapita njia wanapoisha. Za sola zinafaa, ila betri huibwa, hivyo anzeni na malango, kona na zile alama za chokaa.

Njia yenyewe iwe na upana wa mita tatu angalau, kwa sababu guta na mama mwenye beseni lazima wapishane bila mmoja kuingia mtaroni. Peving inafaa, maji hupenya kwenye viungo vyake kidogo na ni rahisi kutengeneza. Zege laini ni bora zaidi kwa kiti cha magurudumu. Changarawe tupu itasombwa masika ya kwanza. Njia iinamie upande wenye mimea, sentimita mbili kwa kila mita. Msitenganishe baiskeli na watembeao kwa mstari wa rangi kama hampati upana wa mita nne na nusu au tano. Kwenye njia nyembamba mstari humpa mwenye baiskeli haki ya kukimbia na watoto hawauoni.

Bodaboda hakuna nguzo itakayozizuia. Nafasi inayomzuia pikipiki inamzuia pia mwenye kiti cha magurudumu na guta, na hao hatuwafungii nje. Nguzo zizuie magari tu, kwa umbali wa mita moja na nusu. Bodaboda malizaneni na kijiwe chao, kwa makubaliano yenye majina na viongozi wao, na matuta madogo laini kwenye malango.

Nimeacha hadi sasa lile ambalo hukuliuliza, na kwangu ndilo la kwanza kwenye fedha. Njia yenu ina miisho miwili inayokutana na barabara. Katika hatari mlizozitaja, nyoka, mbu na vibaka, haimo ile kubwa ya gari kwa mtoto anayevuka akiwa mbioni kuwahi namba. Gari la kilomita 30 kwa saa likimgonga mtu mara nyingi anapona. La 50 lina hatari ya kumuua iliyo kubwa mara kadhaa. Kivuko kilichoinuliwa kama tuta pana, chenye alama za pundamilia juu yake, humlazimisha dereva apunguze mwendo hata asipotaka. Mambo kama hayo ya bei nafuu, matuta, vijia na alama kuzunguka shule, ndiyo yaliyoupa mpango wa SARSAI wa shirika la Amend, ulioanzia hapa Dar es Salaam, tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI mwaka 2019.

Kwa hiyo fedha ziende hivi: vivuko viwili vya miishoni kwanza, halafu taka, makalvati na kukata ukanda wa mita tatu, ambavyo vingi ni nguvu za watu zaidi ya pesa. Kingo zinazotishia njia zifuate, kisha uso wa njia kwa sehemu zenye matope zaidi, hata kama si zote. Miti ipandwe msimu wake bila kusubiri chochote. Taa ziwe za mwisho. Najua wanasiasa hupenda taa ziwe za kwanza kwa sababu huonekana. Pingana nao kwa upole, lakini pingana.

Yapo mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuyamaliza, na msiyafanye wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Inawabana na nyinyi, hivyo msijenge banda la tofali hata la mlinzi. Lakini ni silaha yenu pia dhidi ya anayemwaga kifusi usiku ili apate kiwanja. Kabla ya kugusa ukingo au kuweka gabioni, pitieni kwa afisa mazingira wa manispaa na Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu wapate kuja kuona. Vivuko na makalvati ni TARURA. Bomba linalomwaga majitaka kijitoni ni DAWASA, wa majisafi na majitaka, na NEMC, wasimamizi wa mazingira kitaifa, na msiruhusu watoto kuingia majini mpaka lizibwe.

Mkiona ufa unaoenda sambamba na ukingo, juu kwenye njia, hata kama ni mwembamba wa kupitisha kidole, fungeni kipande hicho siku hiyo hiyo na muite mhandisi. Chini yake maji yameshachimba, na mvua moja inaweza kulishusha bonge zima na aliye juu yake. Mti mkubwa ulioinamia nyaya za umeme ni wa TANESCO, si wa panga la kamati. Na swila au koboko akionekana mara mbili mahali pamoja, tafuteni mtu wa wanyamapori kupitia halmashauri kabla ya kupeleka vijana kufyeka hapo.